Msonobari wa Nyuma ya Msingi

Kambini, 4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila viganja vimekuwa magome.

Uliuliza ni elimu gani hii ya kumaliza chuo halafu ukabidhiwe sururu. Cheka tu, Mama. Uzito wa msonobari juu ya ardhi unajulikana. Wa chini haujulikani. Basi tunachagua miti michache kwa kura, tunang'oa mizizi mpaka ile nyembamba kama uzi, tunaosha, tunakausha kwenye oveni, tunapima. Tukishajua shina la unene fulani lina mizizi ya uzito gani, tutaukadiria msitu wote. Mkuu wa kazi amesema nikimaliza vizuri, ajira ya kudumu ni yangu.

Hapa pazuri. Vilima viwili vimepeana mgongo, kijito cha mawe meusi kinapita katikati. Kuna hata msingi wa nyumba ya zamani.

Kitindamimba wako


15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Goti lipo palepale, halina pa kwenda.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Vilima hivyo niliviacha wewe ukiwa tumboni. Walikuja na malori, wakasema ardhi inatakiwa kwa miti. Msingi huo aliujenga baba yako. Sikukwambia, maana kulisema jambo hakulirudishi.

Unajua ulitanguliwa na dada, akachukuliwa na surua. Usilojua ni alipolala. Yuko nyuma ya msingi huo, upande wa kijito, chini ya mawe bapa. Wakampandia msonobari juu yake.

Mwanangu, chimbeni kwingine kote. Pale msiguse. Tafadhali.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua imefika. Ondoa wasiwasi, kura haikuuangukia mti huo, na kuchimba tumemaliza. Jioni moja nilikwenda peke yangu nikamsalimia dada.

Halafu kuna la kufurahi: ajira nimepata!

Kitinda


9 Juni

Kitinda,

Salamu za leo niwie radhi.

Mpishi wa kambi yenu alikuwa sokoni akisimulia, hajui kuwa mimi ndiye niliyekuzaa. Kasema mlipofika kwenye mti wa nyuma ya msingi, wachimbaji waliinua mawe bapa, wakaona, wakatupa sururu chini. Mmoja akasema, "Hapa kalala mtoto wa mtu." Wote wakakutazama wewe. Ukawajibu, "Mifupa ya mbuzi hiyo. Endeleeni."

Halafu ukaanza kuvichomoa vifupa kwenye mizizi kwa mikono yako, kimoja kimoja, visije vikaongeza uzito.

Barua yangu ilikuwa imeshafika? Sababu sizitaki. Niambie umemweka wapi.

Mama yako


20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana.

Ilikuwa imefika. Ilikuwa mfukoni.

Nilimwomba mkuu tuuache mti ule. Akasema ndio mnene kuliko yote iliyotoka kwenye kura, na tukianza kuruka miti, makadirio yatakuwa ya uongo. Akaniuliza kama kazi naitaka au siitaki. Mama, niliitaka.

Nilivitia kwenye gunia, nikasema jioni nitamzika upya. Nikaitwa kwenye oveni. Niliporudi, trekta limeshafukia mashimo, na magunia ya takataka yalisukumiwa humo yote, na lile pia. Sijui ni shimo lipi. Nimejaribu kuchimba, lakini pamesawazishwa na miche mipya imepandwa.

Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao


11 Julai

Mtaalamu,

Nilikuja Jumatatu. Nikazunguka kwenye miche mpaka goti likagoma. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamjibu namtafuta binti yangu. Akasema huku hakuna wanawake, labda nijaribu jikoni.

Nikapita karibu na ofisi. Nilikuona dirishani, umevaa shati jeupe, unacheka na mkuu wako. Ulikuwa na meza yako mwenyewe.

Sikubisha hodi.

Mama wa marehemu