Debora na Gari la Kipushi

Katuba, Lubumbashi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Magoti yanasemaje? Naomba barua hii ikukute unatembea vizuri, na kahawa mliyochuma imepata jua la kukauka, maana najua mvua ya Tukuyu haina huruma. Sisi huku tu wazima. Mkweo bado anachomelea matela ya malori. Jioni macho yanamuuma, lakini kazi ipo. Umeme unakatika kila mara, kwa hiyo napikia makaa, na bukari, ndivyo wanavyouita ugali hapa, nimeshaizoea. Nimeandika kwa sababu nimempata dereva anayerudi Mbeya, na kwa sababu kwenye simu ulicheka.

Ulicheka niliposema nalipwa kucheza na watoto. Ukaniuliza kama nilisomea ualimu ili nikakae mchangani. Sikukasirika, Mama. Hata mimi siku za kwanza niliona aibu. Shule ni ya kanisa, ya watoto wa miaka miwili hadi minne. Asubuhi wanasali na kuimba, halafu mimi nikawa natafuta chaki. Hakuna chaki. Kuna mchanga, beseni la maji, maboksi, vifuniko vya chupa, vipande vya vitenge na masufuria mabovu.

Mkuu wa shule anaitwa Mama Ngalula. Babu zake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, yeye kazaliwa hapahapa. Ni mama mnene, miwani yake imefungwa uzi, na siku nzima yuko sakafuni na watoto. Nikikosea hanigombezi, hunivuta mkono nikae karibu yake nitazame. Siku moja nilitaka kumwondoa mtoto aliyekuwa akimimina maji kopo hili kwenda lile, asubuhi nzima, maji yaleyale. Akanishika. "Muache, metresi," akasema, maana mwalimu wa kike hapa ni metresi. "Mutoto iko anasema. Muache amalize." Nilidhani ni maneno tu ya mtu mzima anayependa watoto, mpaka yalipotokea ya Debora.

Debora ana miaka mitatu. Alipoanza shule mama yake alikuwa amefariki muda si mrefu, kwa ugonjwa. Sisi walimu tulijua. Yeye hakujua. Nyumbani walimwambia mama yake yuko Kipushi kwa shangazi, na baba yake, mfanyabiashara wa vitenge, alituomba tusiseme lolote. Kipushi si mbali na hapa, Mama, ni mji wa migodi kwenye mpaka wa Zambia, na magari yanakwenda na kurudi kutwa.

Basi kila asubuhi Debora alipanga viti mstari, akashika mfuniko wa sufuria kama usukani, akaita, "Kipushi! Kipushi!" Wenzake wakapanda na midoli yao. Akaendesha, akaendesha, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Mtu akisema amechoka, Debora alisema bado hatujafika, akaanza tena. Siku moja mimi, nikidhani namsaidia, nikapiga makofi nikasema haya, tumefika Kipushi. Alinitazama, akatupa mfuniko, akalia mpaka akatapika. Mama Ngalula alimbeba mgongoni hadi saa ya kwenda nyumbani.

Baada ya hapo baba wa Debora akaja. Alikuwa amevaa suti, anaongea Kifaransa cha taratibu, wala hakuja kwa ugomvi. Alisema mtoto wa kaka yake, shule nyingine, ameshaanza kuandika herufi, na wa kwake kila siku anarudi na habari za gari tu. Anataka kumhamisha. Mimi nilitegemea Mama Ngalula atamweleza faida za mchezo, kama anavyowaeleza wazazi wengine. Hakueleza. Alimwomba tu akae na mwanawe kidogo kabla ya kuondoka, akamwonyesha kiti kidogo nyuma ya dereva.

Debora akamuuliza abiria wake mpya anakwenda wapi. Akajibu Kipushi, huku akitutazama kwa haya, magoti yakimfika kidevuni. Gari likaondoka. Kisha Debora, bila kugeuka, akauliza:

"Papa, mama iko anatungoya?"

Yule baba akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nikamtazama Mama Ngalula aseme kitu. Alisogea tu, akakaa sakafuni karibu na kile kiti, akamwambia yule baba kwa sauti ya chini, "Papa, ni yeye anauliza. Hapana mimi."

Mama, yule mtu alipiga magoti kwenye vumbi na suti yake. Akaushika ule mfuniko pamoja na mtoto. Akasema mama hayuko Kipushi, mama alikufa, na yeye alimdanganya kwa sababu aliogopa. Debora akafikiri.

"Mama hatarudi?"

"Hatarudi."

"Hata nikilala?"

"Hata ukilala, mwanangu."

Wenzake walikuwa bado kwenye viti. Debora akawageukia, akasema polepole, "Bashuke." Wakashuka, mmoja mmoja, na midoli yao. Ndipo alipolia, na baba yake akalia naye. Mama Ngalula hakuwaambia wanyamaze. Aliwawekea mikono mabegani akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: Bwana, kaa na hawa wawili.

Yule baba hakumhamisha. Usidhani yote yamekuwa mazuri. Debora siku nyingine anapiga wenzake, siku nyingine anamlaza mdoli na kumpa dawa, na mdoli haponi. Wazazi wengine bado wanadai madaftari, na mchungaji mwenyewe ameuliza kama hatuwezi kuongeza namba kidogo. Lakini mimi nimeacha kutafuta chaki. Nakaa chini na kutazama, na namwomba Mungu anipe nusu ya subira ya yule mama.

Nisalimie mjomba Andongolile na mkewe, shangazi anayeuza ndizi sokoni, mdogo wangu Sekela na mumewe, na bibi jirani aliyenifundisha kusuka mkeka.

Jambo la mwisho, Mama. Baba alipofariki nami nilikuwa kama Debora, na mliniambia amekwenda Chunya kwenye dhahabu. Sikulaumu. Ulikuwa mjane kijana, na hakuna aliyekaa sakafuni karibu yako. Ila hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo. Nilikua tu, nikajua. Mwisho wa mwaka nikija, naomba tukae jikoni, wewe na mimi, unisimulie siku ile. Hata ukilia, nitakungoja umalize.

Mwanao akupendaye,
Tusajigwe