Nukta Sita Juu ya Neno Moja

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba asiyesalimia hana haki ya kulalamika, na mimi leo nimekuja kulalamika.

Arobaini yako imepita juzi. Watu walikula wakashiba, kisha wakaanza kukusifu mpaka nikashindwa kukutambua. Mmoja akasema ulikuwa mpole. Wewe, mpole! Nilijifunika kanga nikacheka, wakadhani nalia, wakanipapasa mgongo. Siku uliyotupeleka kutembea njia ya zamani ya misafara, sisi watoto kumi tusioona tumeshikana mashati, mbona upole uliusahau bwenini? "Hapa watu walipita na pembe za ndovu mabegani, hawajui watafika wapi. Ninyi mnataka mshikwe mkono kwenda chooni?" Nilikuchukia siku ile. Kesho yake nilikwenda chooni peke yangu.

Sasa tuongee habari ya kitabu. Ulistaafu, ukakaa barazani kwako Cheyo ukigonga mashine ya nukta nundu, na macho yako mazima kabisa. Majirani waliizoea ile kengele yake ya mwisho wa mstari. Walipokuuliza kwa nini huandiki kwa kalamu kama waandishi wengine, uliwajibu, "Wenye macho watasubiri zamu yao. Wanafunzi wangu wamesubiri vya kutosha." Basi, zamu yao imefika. Kaka yako, Baba Deo, ameazima kompyuta. Mimi nasoma kwa vidole kumi, yeye anachapa kwa viwili. Tunakwenda hivyo hivyo, tutafika.

Tulifika salama mpaka sura ya mwisho. Hapo vidole vyangu vikapita juu ya karatasi laini kama shuka. Jamani! Wifi yako, Mama Deo, alikuwa ameipiga pasi. Pasi ya mkaa, Mwalimu. Siku tunajiandaa kwa msiba alizikuta zile karatasi mezani, akadhani zimenyeshewa mvua zikaota vipele, akasema marehemu hawezi kuacha vitu vyake vimekunjamana hivi. Alizinyoosha moja moja kwa heshima zote. Alipojua alichofanya alilia kuliko alivyolia makaburini, na mimi sikuwa na moyo wa kumgombeza.

Baba Deo akasema sura hiyo imekufa, tuiruke. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuisoma. Nukta zilikuwa zimelala lakini hazijafa, na katika nyumba ile hakuna mwingine ambaye angejua. Ilikuwa sura inayonihusu mimi, Kabula wa Choma.

Umeandika kwamba ulifika kwetu na pikipiki adhuhuri ukitafuta watoto wa kuandikisha shule. Kweli. Ukanikuta ndani peke yangu, nimefungwa kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Kweli. Halafu ukaandika, "Mama yake alikuwa amemficha kwa aibu." Hapo, Mwalimu, nakukatalia. Umekosea, na umekosea vibaya.

Mayu, mama yangu, alikuwa shambani kwenye pamba. Lambo la kunyweshea ng'ombe lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na lilikuwa limeshamchukua mtoto wa jirani mwenye macho yake mawili. Baba alikuwa ameshaondoka. Angeniacha na nani? Niliwahi kumuuliza nilipokuwa mkubwa kwa nini alinifunga. Alijibu bila hata kuacha kumenya viazi: "Nilikufunga ili nikirudi nikukute."

Wewe uliyetufundisha kuuliza hukumuuliza. Alikuja mbio na jembe mkononi, anahema, nawe ukaanza kumhubiria. Yeye Kiswahili chake kidogo, wewe Kisukuma hujui. Akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo, kila wageni walipokuja shuleni uliwasimulia habari ya mtoto aliyefichwa, wakanionea huruma, wakapiga makofi. Na mimi nilisimama pale, sare imenyooka, nikanyamaza. Kwa hilo najilaumu mwenyewe. Niliogopa kukuaibisha, nikakubali Mayu aaibike miaka yote hiyo.

Unajua Mayu alikuja kukuzika? Alitoka Choma na mfuko wa michembe ya viazi vikavu, akaingia jikoni kwako, akapika na kuosha vyombo siku tatu. Hajui kusoma, hajui ulichoandika. Alimwambia kila mtu, "Mwalimu alimpa mwanangu vidole." Alilisema hilo kwa fahari, Mwalimu, jikoni kwako.

Nakiri, nilishawishika. Neno moja tu, "imefutika," na mambo yangekwisha. Au ningesoma kilicho moyoni mwangu badala ya kilicho kwenye karatasi. Lakini ungenijua, hata huko uliko. Nikamwambia Baba Deo achape, nikamsomea yote, neno kwa neno. Tulipofika kwenye "amemficha" nikamwambia asimame, hilo neno si kweli. Akaja juu. Maneno ya marehemu hayaguswi, mimi ni nani, tena niliyelelewa na marehemu huyo huyo! Nikamwambia marehemu huyo huyo ndiye aliyenifundisha namna ya kuligusa.

Umesahau? Darasa la pili, nilipokuwa nikikwangua herufi nilizokosea kwa kucha mpaka karatasi inatoboka, ulinishika mkono. "Usikwangue. Rudi nyuma, piga nukta zote sita juu yake kuiziba, uendelee. Msomaji ajue ulikosea na hukukimbia."

Basi nimeinakili upya sura yako yote, nukta zimesimama. Neno moja tu nimelipiga nukta sita. Katika nakala ya wenye macho Baba Deo amelipiga mstari, linasomeka chini yake, na amekubali kwa kununa. Baada ya sura yako kuna sura yangu. Nimeieleza kanga, lambo na jembe, na jina langu nimeliweka juu. Wakisema sina adabu, waseme. Ungekuwa hai tungegombana, ungenifukuza barazani, kesho ungeniita tunywe chai.

Nakupenda, mwanamke mkali wewe. Bila wewe nisingekuwa na mkono wa kukuandikia kwamba umekosea. Pumzika sasa, kitabu niachie mimi.

Nakuahidi hili: kitabu kikitoka, nakala ya kwanza naipeleka Choma. Nitaketi na Mayu nimsomee sura yako kwanza, yote, nisiruke kitu, hata kama itamuuma. Kisha nitakishika kidole chake chenye sugu za jembe nikipitishe juu ya zile nukta sita, nimwambie: hapa Mwalimu alikosea, Mayu, na hapa ndipo nilipokufungua.

Mwanafunzi wako,
Kabula