Vibanzi Visivyotoka Kuchani Mwako

Ni mwaka mmoja sasa tangu randa yako inyamaze, Baba Watoto. Karakana bado inanukia mbao. Penseli yako tuliikuta juu ya kabati, pale pale ulipoapa kwamba hukuiweka.

Ulikuwa seremala wa vitanda na meza, na hakuna meza iliyotoka mikononi mwako na pembe kali. Ulizisugua mpaka zikawa laini. "Asije mtoto wa watu akajigonga," ulisema, hata kama mteja hana mtoto.

Homa zako zilikuja na kuondoka, jasho likalowesha shuka. Ukakonda, ukasema ni uchovu. Siku moja ukanionyesha kucha: "Mama Watoto, leta sindano, nimechomwa na vibanzi." Kweli, vilikuwepo vimistari vyembamba, rangi ya damu ya mzee. Nikachokonoa, nawe ukapiga kelele kuliko mtoto wa chanjo. "Taratibu! Unachimba kisima?" Tukacheka. Havikutoka, na nani angeshangaa seremala kuwa na vibanzi?

Kisha asubuhi moja kikombe kikakuponyoka, mdomo ukaenda upande. Daktari akatueleza kwamba wadudu walikuwa wameingia moyoni, wakajenga uchafu kwenye vali, kile kimlango cha kupitishia damu. Kipande kikabanduka, kikaziba mshipa kichwani. Akaushika mkono wako. "Hivi si vibanzi, mama. Ni damu iliyovujia chini ya kucha." Maji yalikuwa yameshamwagika.

Maneno yale yalinikaa. Miezi miwili hivi iliyopita kitinda mimba wako, yule anayepokea simu ofisini, alikuja kuniona akitetemeka kwa homa. Alipokuwa ananawa nikaziona kucha zake, zina vimistari vile vile.

"Ni rangi imebaki, mama."

"Rangi gani inakaa kwa ndani? Na wewe hujaranda hata ufito. Vaa viatu twende."

"Mama nawe! Nimechoka tu."

"Utachokea huko huko hospitali."

Daktari akausikiliza moyo wake, akasikia mvumo usio wa kawaida. Picha ikaonyesha vali yenye kasoro ya kuzaliwa, kama ile waliyoikuta kwako, na wadudu ndio kwanza wameanza kujenga. Akatundikiwa dawa ya mshipani wiki baada ya wiki. Mwishowe daktari akaniambia, "Mmewahi, mama. Nenda naye nyumbani." Baba Watoto, nilikaa chini pale pale koridoni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kaka zake na wajukuu nao wamepimwa mioyo. Wote wazima.

Sasa hivi amelala kwenye kitanda ulichomtengenezea akiwa msichana, anakoroma kama wewe, nami sitaki hata kumgeuza. Umeondoka, lakini pembe hii ya mwisho umeisugua wewe.

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao, wakaza wanao, wajukuu, na majirani uliowatengenezea viti vyao bila kudai kitu. Daima tutakukumbuka, na kucha tutaendelea kutazamana.