Mabawa ya Juu na ya Chini

Hietaniemi, Karelia,
Finland.
21 Februari 1940

Mpendwa Mjomba Armas,

Shikamoo. Mgongo wako waendeleaje, na baridi ya huko Minnesota? Sisi tu wazima. Mama anakohoa, lakini ng'ombe anakamua mwenyewe, hataki msaada.

Mimi siku hizi ni mlinzi wa anga. Nakaa na darubini juu ya mnara wa kanisa, na nikiona ndege za vita nawapigia simu watu wa mzinga wa kutungulia ndege, kilimani. Mkubwa wao ni Urho, yule mhunzi.

Mjomba, ndege nyingi za Warusi zina bawa juu na bawa chini. Zetu mpya kutoka Uingereza nazo ni hivyo hivyo. Wiki iliyopita Urho alimtoboa bawa rubani wetu, Tauno. Akatua salama kwenye barafu ya ziwa, akapanda kilima akifoka.

"Mzee, wataka nije na kengele shingoni kama ng'ombe?"

"Zote zina mabawa mawili! Mimi nitajuaje?"

Nami nilikuwa nimeshuka mnarani nikawafuata. Nikawaambia, nitajua mimi.

Kesho yake Tauno alinifunulia ndege yake, iliyofichwa kwa shuka nyeupe. Mgongo kahawia na kijani, rangi za mashamba ya Kiingereza, theluji inaziumbua. Bawa la chini limepakwa rangi hizo hizo lakini zilizofifia, kwa kuwa la juu hulitia kivuli. Tumbo la rangi ya fedha. Rubani amefunikwa kioo. Za Warusi rubani yu wazi kichwa, na aina moja bawa lake la juu limepinda katikati kama la shakwe, yule ndege wa majini. Nilizichora zote mpaka nikaziota.

Juzi zikatoka mawinguni mbili, moja nyuma ya nyingine. Simu ikalia, alikuwa Urho.

"Hilja, nipige nisipige?"

Nikainua darubini, Mjomba. Ya mbele ilikuwa na kioo. Ya nyuma, bawa la shakwe.

"Mwache wa mbele! Piga wa nyuma!"

Akapiga. Ya nyuma ikageuka ikifuka moshi, ikarudi kwao. Ya mbele ikatikisa mabawa juu ya kanisa. Alikuwa Tauno. Nililia, kisha nikashika darubini tena.

Sasa nimeitwa nikafundishe walinzi wa vilima vingine, karibu na mapigano. Mama kanuna. Nakwenda hivyo hivyo, keshokutwa.

Nisalimie mkaza mjomba Saima na binamu yangu Eino. Mungu awalinde ugenini. Mimi usiniombee nirudi. Niombee mawingu yafunguke, nione vizuri.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Hilja