Sanduku Inayoita Majina

Jumatano, Koboko. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini baridi bado iko ndani ya mifupa.

Leo nimeshindwa na mtoto wangu mwenyewe. Naandika haraka kabla sijabadili nia.

Shule niliacha darasa la tatu, na kutoka hapa mpaka Ludara hakuna mutu anayeniweza kwa waya. Redio za jeshi nilikuwa nafungua na kufunga bila kuangalia. Hii sanduku ya kulinda friji ya chanjo, ile ya kliniki ya Midia, nimeunda kwa mkono wangu: waya moja mrefu, vipimo vinne vya joto juu yake. Kuandika draiva, yaani maneno yanayofundisha sanduku kuongea na vipimo, ni kazi ya binti yangu Zaitun anayekaa Arua. Mimi natoa amri.

Amri ilikuwa draiva moja kubwa, majina ya vipimo vyote vinne tumboni. Zaitun alitaka draiva mama, iulize kwanza nani yuko kwenye waya, halafu kila anayeitika apewe draiva yake ndogo. Nikamwambia watoto wangu nawajua, siwaulizi majina kila asubuhi.

Wiki iliyopita panya akakata waya wa kipimo cha friji, na wa umeme wake pia. Sanduku haikuuliza. Ilishika namba ya mwisho, nyuzi nne, siku mbili nzima. Nesi alipofungua, ndani iko moto. Akatupa chanjo zote mbele ya akina mama waliotembea na watoto mgongoni.

Zaitun akapiga simu. "Baba, sanduku yako inaitika badala ya maiti."

Nilikata simu.

Hakujua amegusa wapi. Zamani nilikuwa koplo, kazi yangu kuita majina asubuhi. Kwa kujivunia kichwa changu, siku moja sikuita. Nilitupia mstari jicho, nikaripoti wote wako. Draku, askari wangu mmoja, hakuwepo. Alikuwa ametoka na homa kuelekea mtoni. Tulimtafuta kesho yake, tukampata amelala kifudifudi majini.

Tangu ile simu ya Zaitun namwona Draku mwisho wa mstari, viatu vimelowa.

Mchana nimempigia binti. "Andika yako."

"Ya kuuliza, Baba?"

"Ya kuuliza. Na asiyeitika, iandike hayupo. Isimfunike na namba ya zamani."

Ametuma. Nimechomoa kipimo cha tatu. Sanduku imeita, imengoja, imeandika: NAMBA TATU HAYUPO.

Halafu nimeita Draku, kwa sauti ya koplo, mara tatu.

Kesho napeleka sanduku Midia. Nitamwambia nesi aliyeharibu chanjo ni mimi, si panya.