Alama ya Jina la Mkuu

Jumatatu, 3 Machi
Saa moja na dakika arobaini! Mkuu kahutubia muda wote huo bila hata kunywa maji, na mimi kwenye kisanduku changu pale kona ya skrini, namtafsiria kwa mikono. Mabega yanawaka moto. Lakini kinachoniuma si mabega. Leo kawaita wapinzani kupe. Kupe! Wabanduliwe, wachomwe. Na viziwi wote nchini wameyapata hayo kutoka mikononi mwangu, mikono hii ninayopikia.
Mdogo wangu, kiziwi tangu kuzaliwa, kanitumia ujumbe: dada, kupe wako walikuwa wanono. Shenzi yule. Nimecheka peke yangu kwenye lifti, kisha nikaona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeitwa kwa mkurugenzi wa televisheni yetu. Kumbe kuna mgeni — bwana mmoja wa Taifa Safi, wale wafuasi wa Mkuu wanaotembea na orodha. Shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Nitamwita Bwana Pasi. Eti alama ninayomtajia Mkuu ni tusi. Hebu onyesha, akasema. Nikaonyesha: vidole viwili mdomoni, unazungusha, kama unafunga mlango kwa ufunguo.
Nikamweleza taratibu. Viziwi hawakutaji jina kwa herufi moja moja. Wanakupa alama kutokana na wanachokiona kwako. Mimi ni pengo la meno. Sikuchagua! Na anayesikia hagawi alama, anapewa. Sikumwambia kwamba hii ilikuwa ya dikteta wa zamani, yule aliyemchukua baba yetu tukiwa wadogo, wala kwamba Mkuu karithishwa wiki ile alipofungia magazeti. Akauliza: nani alianza kumwita Mkuu hivyo?
Nikasema sijui. Najua sana. Ni mdogo wangu, mbele ya watoto viziwi anaowafundisha.

Jumatatu, 10 Machi
Waraka umeshuka! Kamati ya watu saba, wote wanasikia, wamemtungia Mkuu alama mpya: mkono unatoka kifuani, unapanda juu ya kichwa, kiganja wazi. Jua linachomoza, eti. Saba wazima, na hakuna aliyekumbuka kwamba kisanduku changu kinaishia utosini! Basi taarifa ya jioni mkono ukapanda, ukakatika. Kila Mkuu akitajwa, nchi nzima inaona kwapa langu.
Mdogo wangu kacheka mpaka machozi. Mama naye, kashika mbavu. Muda mrefu hatujacheka hivyo nyumbani.

Alhamisi, 13 Machi
Wamemchukua.
Bwana Pasi kaenda shuleni kwake na mfuko wa pipi. Kazungusha vidole mdomoni, kisha kawaandikia watoto wa darasa la pili ubaoni: alama hii nani kawafundisha? Wakamwonyesha mwalimu wao kwa vidole. Walikuwa wanajivunia, masikini.
Kafungwa pingu, mikono nyuma. Mikono nyuma, kiziwi! Si bora wangemshona mdomo! Mwalimu mwenzake aliyewafuata hadi kituoni anasema walimfokea saa nzima kwamba ni mkaidi, anakataa kujibu. Ajibu na nini? Wanaharamu. Kalamu inatoboa karatasi na sijali.

Jumamosi, 15 Machi
Nimepewa dakika tano, kioo katikati. Kafunguliwa mkono wa kulia tu, wa kushoto umefungwa kwenye kiti. Kauliza: mama anameza dawa? Anameza. Nikamwambia maneno ya Bwana Pasi: Jumatatu kuna gwaride, hotuba laivu. Nikiinua lile jua lao vizuri, yeye jioni yuko nyumbani. Nisipoinua, asitegemewe kuonekana.
Hakufikiri hata kidogo. Akapeleka vidole mdomoni, akazungusha. Askari akadhani anajifuta.
Nimemwelewa, na nimemkasirikia njia nzima. Mjinga! Anajifanya shujaa, na mama hata ngazi hapandi bila kushikwa. Nani kamwambia nataka mdogo shujaa? Namtaka aje anitanie kuhusu kwapa.

Jumatatu, 17 Machi
Chumba cha vipodozi. Dakika kumi. Kisanduku wamekipanua kwenda juu, safari hii mkono utaingia wote. Bwana Pasi kasimama nyuma ya kamera, shati jipya.
Asubuhi mama kanishika: mwanangu, inua tu, mkono haukatiki, mrudishe mwenzio. Nikampa dawa yake, nikatoka. Lakini wale watoto wa darasa la pili wamepangwa mbele ya TV shuleni, na mwalimu mgeni, wajifunze alama sahihi kutoka kwangu.
Kutoka kwangu!
Nimejaribu mbele ya kioo. Jua likapanda vizuri tu. Mara ya pili mkono ukaishia mdomoni, wenyewe, naapa.
Mkuu kila hotuba huanza kwa kujitaja. Neno la kwanza kabisa, kabla hata ya salamu.
Fundi kagonga mlango. Dakika mbili. Mkono wa kulia nimeukalia, naandika kwa kushoto, herufi zinaanguka —