Mashini Inayokunywa Upepo

Jumatatu, 4 Agosti
Nimewasha mashini ya maji kwa kuvuta kamba mara moja, kama kawaida. Wengine huvuta mpaka bega linalia. Nyanya za mwaitu, mama yangu, na wenzake wa mwethya, wale wamama wa kulimiana, zimekunywa zikashiba. Maua yameanza. Jioni nimeburuta matawi ya miiba, nikazungushia kisima chetu cha mchangani, pale kwa mto mkavu, ng'ombe wasiingie. Ua kama huu hakuna kutoka hapa hadi Kalamba sokoni. Ndunge, dada yangu, anasema hata kunguru atabisha hodi. Wivu.

Jumanne, 5 Agosti
Mashini inanguruma, maji hakuna. Nimebadilisha plagi. Hakuna. Wamama wamesimama na majembe wakinitazama. Nimewaambia nilikuwa fundi kule mjini Salama, hii ni kazi ya kumaliza kabla chai ichemke. Na ni kweli nilikuwa Salama. Pancha za malori, lakini fundi ni fundi.
Chai ilichemka. Ikapoa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefungua pampu yote. Safi. Nimeosha ile valvu ya chini, ya kuzuia maji yasirudi kisimani. Safi. Nimejaza maji kwa shingo ya pampu, nikawasha. Ikatema maji kama kikombe kimoja, halafu ikakohoa upepo.
Nimefunga tena. Nati moja imebaki. Sijui ni ya wapi. Nimeiweka mfukoni.
Ndunge anapita na ndoo kichwani: "Injinia, hiyo sasa ni ya kupepeta mahindi?"
Nimeinama, nikakaza nati zilizokazwa tayari.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama Kioko, mwenyekiti wa mwethya, ameweka mkono juu ya tangi ya petroli akaomba Mungu aifungue hii koo. Amina. Nikavuta. Upepo. Wote wakaniangalia mimi, si Mungu.
Tumebeba maji kwa ndoo mpaka jua likazama. Hayafiki hata nusu ya shamba. Maua yanaanguka. Ua likianguka, hiyo nyanya basi. Mwaitu hajanigombeza. Hapo ndipo pabaya.
Mama Kioko amesema kesho ikifika jioni bila maji, mashini anapewa Muthui, jirani yetu. Muthui hajui spana na kijiko.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi nimeinua ile paipu ya kuvuta maji kisimani, nitoe mchanga. Chini yake, karibu na ua wa miiba, kuna kidoa cha maji. Hakuna mtu amemwaga hapo.
Kule Salama, tyubu ikikudanganya ni nzima, unaizamisha.
Nimefungua paipu, nikaziba upande mmoja, nikaileta kwa karai. Ndunge akapuliza upande mwingine. Mdomo mkubwa vile, acha ufanye kazi.
Mapovu.
Pancha. Katundu kadogo, ka mwiba. Mashini ilikuwa inakunywa upepo hapo badala ya maji kisimani, na ikizimwa maji yanadondoka mchangani, hakuna anayeona. Siku nne nafungua injini, na ugonjwa uko kwa mrija.
Nimekwangua, gundi, kipande cha tyubu, nikafunga na mpira mpaka vidole vikauma. Nikavuta kamba mara moja. Maji.
Mama Kioko anasema ni maombi ya jana, yalichelewa njiani. Sijabishana. Muthui alikuwa amekuja na gambuti. Amerudi nazo kavu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nyanya zimekunywa. Maua yaliyoanguka yameanguka. Yaliyobaki yanatosha, mwaitu amesema.
Ameuliza ilikuwa nini. Nimesema mwiba.
Ameangalia ua wangu. Akaniangalia mimi. Halafu akanimiminia chai kwanza, kabla ya wamama.
Jioni nimezika paipu mchangani, pale inapopita chini ya miiba. Nati bado iko mfukoni.